Liachieni Donge la Damu: Mhadhara kuhusu Jino Lililong'olewa na Kidonda Chake

Nimeombwa nizungumze juu ya kung'oa jino, nami nimekubali, lakini naomba ruhusa nigawe muda kwa namna yangu. Habari za koleo nitazisema kwa kifupi. Habari za siku zinazofuata nitazisema kwa kirefu. Wagonjwa wengi huja kwetu wakiogopa sindano na koleo, na wakishatoka mlangoni huona mambo yamekwisha. Kumbe yanayofanyika kwenye kiti kwa kawaida ni ya dakika chache, na muda huo wote mtu yumo mikononi mwa aliyesomea kazi. Baada ya hapo anarudi nyumbani na kidonda kilicho wazi, ndani ya mdomo wenye mate, bakteria, mabaki ya chakula na ulimi usiojua kutulia. Mlinzi wa kidonda hicho ni yeye mwenyewe. Wengi wanaorudi siku ya tatu wameshika shavu, hawakulala usiku, hawakuumizwa na koleo.

Tuanze na jino lenyewe. Jino halikugandana na mfupa wa taya. Kati ya mzizi na tundu unamokaa mzizi huo kuna nyuzi nyembamba sana zinazolishika jino na kulipa hisia. Ukikutana na kijiwe ndani ya wali, nyuzi hizo ndizo zinazokustua kabla hujatafuna mara ya pili. Kwa hiyo anayeng'oa jino kwa ustadi havuti kwa nguvu. Kwanza huachanisha ufizi na shingo ya jino. Kisha huingiza chombo chembamba kati ya jino na mfupa, akakata zile nyuzi na kulilegeza. Koleo likija, kazi yake ya kwanza ni kusukuma kuelekea mzizini, halafu kuyumbisha taratibu, nje na ndani, mpaka tundu lipanuke na jino litoke. Mfupa wa taya la juu ni mwepesi kupanuka kuliko wa chini. Gego la chini aghalabu lina mizizi 2 na la juu lina 3, na mizizi ikipinda au kushikana vibaya, daktari hukata jino vipande na kutoa mzizi mmoja mmoja. Mgonjwa akiona hivyo asidhani kazi imeharibika. Hiyo ndiyo njia ya kuokoa mfupa.

Msukumo utausikia, na mlio wa nyuzi kukatika utausikia pia, kwa sababu ganzi inazima maumivu na haizimi kila hisia. Maumivu makali hupaswi kuyasikia. Ukiyasikia, inua mkono. Ni haki yako, na daktari ataongeza ganzi. Lipo jambo moja hapa ambalo watu hawaambiwi: penye usaha ganzi hufanya kazi kwa shida, maana nyama iliyovimba ina asidi nyingi na dawa haipenyi vizuri kwenye neva. Aliyekaa na jipu wiki tatu akitumaini litapoa lenyewe hujiongezea maumivu ya siku ya kung'oa.

Tuwakumbuke pia waliotufikisha hapa. Tarehe 11 Desemba 1844, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta gesi ya naitrasi oksaidi, akang'olewa gego lake na mwenzake John Riggs pasipo kulia. Miaka 2 baadaye, tarehe 16 Oktoba 1846, daktari mwingine wa meno, William Morton, alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa etha mbele ya madaktari wa upasuaji mjini Boston. Maumivu ya jino ndiyo yaliyowasukuma watu hao kutafuta, na kila anayepasuliwa leo amelala usingizi ananufaika na utafutaji wao. Dawa tunayoichoma sisi, lidokaini, ilitengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943 na kuanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo bibi na babu zetu wanaosimulia kung'olewa wameshikwa mikono na miguu hawatii chumvi.

Kabla ya kukaa kwenye kiti, ule. Wengi hufunga tangu asubuhi wakidhani ni kama upasuaji wa tumbo, kisha wanaishiwa nguvu na kuzirai. Kwa ganzi ya sindano ya mdomoni, chakula cha kawaida saa moja au mbili kabla ni jambo jema, tena hutakula vizuri kwa saa kadhaa baadaye. Piga mswaki. Na useme dawa zote unazotumia na maradhi yote unayotibiwa, hata kama hukuulizwa.

Kisha uliza swali moja: hili jino ni lazima ling'oke? Naliweka swali hili wazi kwa kuwa katika hospitali zetu nyingi kung'oa kumekuwa ndiyo tiba ya kawaida ya jino, na sababu kubwa ni kwamba tunakuja tumechelewa. Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi. Asidi hutafuna enameli, gamba gumu la nje la jino. Tundu dogo huonekana, halina maumivu, tunaliacha. Linapoanza kuuma ukinywa chai ya moto, uozo umekaribia kiini cha jino, kwenye neva na mishipa ya damu. Linapouma usiku peke yake, umekwisha kuingia ndani. Hapo kuziba tu hakutoshi. Inabaki kutibu mzizi, tiba ambayo haipatikani kila wilaya na gharama yake ni kubwa kwa wengi, au kung'oa.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nchi hii ya Tanzania ndiko ilikozaliwa mojawapo ya njia rahisi za kuliwahi tundu. Katikati ya miaka ya 1980, hapa kwetu, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kusafisha meno yaliyotoboka kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, bila umeme, na kuyaziba. Baadaye dawa ya kuzibia ikawa ile inayoitwa glasi-ayonoma, ambayo hushikana na jino lenyewe. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa dunia nzima. Inafanyika chini ya mwembe wa shule, na mtoto anarudi darasani. Mwaka 2021 dawa hiyo ya kuzibia iliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Mzazi anayeona doa jeusi kwenye gego la mtoto wa miaka 8 asisubiri liume. Gego la kwanza la ukubwani huota kwenye miaka 6, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Basi wazazi hulidhani nalo ni la utotoni, wakaliacha lioze. Huyo mtoto hatapata jingine.

Lakini tuseme imebidi, na jino limetoka. Sasa tufike kwenye jambo langu.

Jino likitoka huacha shimo mfupani. Shimo hilo hujaa damu, na ndani ya dakika chache damu hiyo huanza kuganda: chembe sahani hushikana, nyuzi za protini hujisuka, na likatokea donge lenye rangi nyekundu iliyoiva, laini, linalong'aa kidogo. Donge hilo ndilo bandeji. Tena ni zaidi ya bandeji, maana mishipa mipya ya damu na nyama mpya zitaota kupitia humo humo, na baadaye mfupa. Hakuna dawa ya duka inayoweza kushika nafasi yake. Likitoka mapema, mfupa unabaki uchi na neva zake zimefunuliwa kwa mate na hewa. Mkulima aliyepanda mche jana hauchomoi leo asubuhi kutazama kama umeshika mizizi. Nanyi liachieni donge.

Nguvu yote ya mafundisho yangu imo katika kuacha, na kuacha ni kugumu kuliko kutenda. Mgonjwa anataka kufanya kitu. Anataka kusukutua ili atoe ladha ya damu, kutema ili aone kama imekoma, kupapasa kwa ulimi, kutia karafuu iliyotwangwa, kutia chumvi kavu, kutia ugoro. Kila kimoja kati ya hivyo, katika siku ya kwanza, ni kazi dhidi ya donge.

Utapewa kipande cha gozi kilichokunjwa ukiume. Kiume barabara, meno ya juu na ya chini yakutane juu yake, kwa dakika 30 hadi 45, bila kuongea, bila kukitoa kila mara kukichungulia. Ni shinikizo linalosimamisha damu. Gozi lililowekwa tu shavuni halifanyi chochote, na gozi linalobadilishwa kila dakika 5 hung'oa donge kila linapobadilishwa. Ukifika nyumbani na damu bado inatiririka, kunja gozi safi au kitambaa safi kilicholowanishwa, kiweke juu ya shimo lenyewe, uume tena dakika 30 ukiwa umekaa wima. Mfuko wa majani ya chai, uliolowanishwa na kupozwa, nao hufaa kuumwa, kwa kuwa chai ina tanini inayosaidia damu kuganda.

Hapa watu hutishika bure. Damu kidogo ikichanganyika na mate hujaza mdomo ikaonekana nyingi. Nimeona watu wakikesha na beseni, wanatema na kutema, na kila asubuhi inavyokaribia ndivyo beseni linavyozidi kuwatia hofu, hali kila mtemo ulikuwa unafyonza donge kutoka mahali pake na kuifungua damu upya. Usiteme. Meza mate, au inama uyaache yadondoke yenyewe. Mate ya rangi ya waridi kwa saa 24 ni ya kawaida, na foronya yenye madoa asubuhi ni ya kawaida pia. Tandika kitambaa cha zamani, ulale na mto wa ziada ili kichwa kiinuke. Kwa sababu hiyohiyo ya kufyonza, usinywe kwa mrija siku hizo, usinywe soda kwenye chupa kwa kuvuta, wala usipige filimbi. Wakati wa Ramadhani wapo wanaoomba miadi ya baada ya futari, nami huwakubalia kwa moyo mkunjufu: mtu aume gozi lake, ameze mate, anywe dawa zake usiku kwa utulivu.

Ganzi huisha polepole, midomo na ulimi vikarudi baada ya saa mbili hadi nne au zaidi. Wakati huo damu inaweza kuchuruzika kidogo tena, kwani ganzi nyingi huchanganywa na adrenalini inayobana mishipa, na nguvu yake ikiisha mishipa hufunguka. Uma gozi tena. Mtoto mdogo achungwe asitafune mdomo wake uliokufa ganzi. Hujing'ata mpaka pakavimba, naye hahisi.

Chakula kiwe laini na kilichopoa: uji wa vuguvugu, mtori, mtindi, wali bokoboko, ndizi za kupondwa. Tafuna upande wa pili. Vya moto sana huyeyusha donge na kutanua mishipa, pilipili huchoma, korosho, karanga na bisi huacha vipande shimoni. Shavu likandwe kwa barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 na kupumzika, siku ya kwanza tu. Usinyanyue ndoo, usilime, usicheze mpira siku hiyo. Uvimbe hupanda mpaka siku ya pili au ya tatu kisha hushuka, kwa hiyo shavu kuwa kubwa kesho kuliko leo si lazima iwe ishara mbaya.

Sigara ni adui wa kwanza wa donge. Moshi hubana mishipa ya damu, na kule kuivuta ni kufyonza. Saa 72 bila sigara ndicho kiwango cha chini ninachokiomba kwa mgonjwa, na wiki nzima ni bora. Ugoro, tambuu na mirungi vyote vimo katika hukumu hiyohiyo. Mirungi, kwa jinsi inavyokaa shavuni kwa saa nyingi na majani yake kujipenyeza shimoni, imewatesa wengi.

Saa 24 zikishapita, sasa ndipo kusukutua kunaanza. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja ya maji ya uvuguvugu. Chukua funda, inamisha kichwa upande wa kidonda maji yakae hapo, kisha uyaache yatoke yenyewe bila kutema kwa nguvu. Fanya hivyo baada ya kila mlo na kabla ya kulala, kwa siku 5 hadi 7. Mswaki, wa duka au wa mti, haukatazwi kwa meno mengine. Hata usiku ule wa kwanza yasafishe, ukikaa mbali na shimo. Mdomo mchafu hupona vibaya.

Siku ya tatu au ya nne utachungulia kwenye kioo na kuona shimo lina utando mweupe au wa manjano. Huo ni utando wa uponaji, nyuzi zilezile zilizosuka donge zikiwa zimelowana mate. Watu wengi huuona ni usaha, wakaufuta kwa pamba, kwa kijiti, kwa kucha. Naomba mnisikilize vizuri: utando huo msiuguse. Usaha huja na uvimbe unaoongezeka, na maumivu yanayozidi, na homa. Utando peke yake, pasipo hayo, unakupa habari njema. Ufizi hufunika shimo katika wiki 3 au 4, na mfupa hujaza chini yake kwa miezi kadhaa. Katikati ya safari hiyo kinaweza kuchomoza kijipande kidogo cha mfupa chenye ncha kali. Mwili unakitoa wenyewe. Kikisumbua, njoo kitolewe kwa dakika moja.

Na kama donge limepotea? Hiyo ndiyo hali tunayoiita shimo kavu. Hutokea kwa wachache, takriban wagonjwa 2 hadi 5 kati ya 100 wa kung'oa kwa kawaida, na kwa wengi zaidi wanapong'olewa magego ya mwisho ya chini. Alama yake haifichiki. Maumivu yalikuwa yamepungua, kisha siku ya pili hadi ya nne yanarudi makali kuliko ya jino lenyewe, yakipanda mpaka sikioni na kwenye kipaji. Mdomo unanuka, unaonja uchungu. Na shimo ukilitazama ni tupu, mfupa wa kijivu unaonekana. Hakuna homa wala usaha, kwa kuwa hili kimsingi si ambukizo, na ndiyo maana vidonge vya antibiotiki havilitulizi. Wavutaji sigara hulipata zaidi, na wanawake wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango vilevile. Tiba yake ni kuoshwa shimo taratibu na kutiwa dawa ya kutuliza, na dawa nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa yujeno, mafuta yanayotoka kwenye karafuu, zao lilelile la Unguja na Pemba. Bibi zetu walioweka karafuu kwenye jino linalouma walikuwa na sababu. Ila karafuu iliyotwangwa na kushindiliwa ndani ya shimo bichi huacha makapi, huunguza nyama na kuliua donge ambalo lingemponya mtu bila gharama. Dawa hiyo na itiwe na daktari, pale tu donge limekosekana.

Kuhusu vidonge nitasema kwa mkazo. Maumivu ya kawaida hutulizwa na parasetamoli: kwa mtu mzima, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku moja. Kumeza dozi ya kwanza kabla ganzi haijaisha ni busara. Wasio na vidonda vya tumbo, wala ugonjwa wa figo, wala mimba, wanaweza kuongeza ibuprofeni ya miligramu 400 pamoja na chakula, na mseto huo hushinda dawa nyingi kali. Usinunue aspirini kwa maumivu haya, maana hudhoofisha chembe sahani kwa siku nyingi na kuifanya damu isigande. Lakini aliyepewa aspirini na daktari wa moyo asiiache kwa uamuzi wake. Aje aseme, nasi tutajua la kufanya.

Antibiotiki je? Tumezoea kwamba jino likitoka lazima mtu aondoke na amoksilini na metronidazo mkononi, na asipopewa huona hakutibiwa. Kwa mtu mwenye afya, jino likitoka salama, dawa hizo hazihitajiki. Hazitulizi maumivu. Zinapomezwa ovyo, nusu dozi, zilizobaki za ndugu, zinafundisha bakteria kuzizoea, na siku mtoto wa nyumba hiyo atakapougua nimonia huenda dawa isimsaidie. Zina kazi yake: uvimbe unaosambaa, homa, kinga ya mwili iliyodhoofika. Aliyewekewa vali ya bandia ya moyo hupewa dozi moja kabla ya kung'oa, kwa kuwa bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kukaa kwenye vali hiyo.

Wapo wengine wanaopaswa kujitambulisha mapema. Mwenye kisukari aje asubuhi, amekula na kumeza dawa zake kama kawaida. Sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda. Mwenye presha asiache dawa siku hiyo. Anayetumia wafarini apimwe ugandaji wa damu yake kwanza, kwa kipimo cha INR. Mwenye selimundu na mwenye ugonjwa wa damu kutoganda waandaliwe hospitali kubwa. Aliyewahi kuchomwa au kumeza dawa za kuimarisha mifupa, au kupigwa mionzi ya saratani eneo la taya, aseme kabla koleo halijashikwa, kwa sababu mfupa wake unaweza kushindwa kupona. Na mama mjamzito anaweza kung'olewa jino. Miezi ya 4 hadi ya 6 ndiyo yenye nafuu zaidi, lakini jipu halingoji kalenda, na kukaa na jipu ni hatari kwake na kwa mtoto kuliko sindano ya ganzi.

Sasa niseme juu ya kung'oa kusikostahili kufanywa kabisa, kule kwa watoto wachanga. Mnalijua jambo hili kwa jina la meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Uganda wanaliita ebinyo. Mtoto wa miezi kadhaa anaharisha na kupata homa. Mtu anafunua ufizi wake, anaona pale ambapo chonge itaota pamevimba kidogo na kuwa peupe, anamwambia mama kwamba hayo ndiyo yanayomuua mtoto. Ufizi unapasuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli, na chipukizi la jino, ambalo bado ni laini na jeupe kwa sababu halijakomaa, linafukuliwa. Mama anaonyeshwa: unaona, ni plastiki. Ndugu zangu, ni jino la mtoto wake. Lilikuwa laini kwa kuwa alikuwa mchanga.

Watoto wamekufa kwa kutoka damu, kwa pepopunda, kwa sumu iliyoingia kwenye damu. Waliopona hubaki bila chonge za utotoni, na mara nyingi chonge za ukubwani, zilizokuwa zikijiumba jirani, hutoka zimepinda au zimeharibika. Wala msiambiwe ni mila ya mababu zetu. Wamaasai waling'oa meno mawili ya mbele ya chini, na husemwa ilikuwa ili mtu aliyekazwa taya na pepopunda apate kunyweshwa. Wajaluo waling'oa sita ya chini kama alama ya kuingia utu uzima. Hizo zilikuwa mila nyingine, za meno yaliyokwisha kuota. Hili la wachanga wataalamu wetu walianza kuliandika katika miaka ya 1980, na lilisambaa kwa hofu ya kuhara. Basi kuhara kutibiwe: maji ya chumvichumvi ya ORS kila mtoto anapoharisha, maziwa ya mama yaendelee, vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na zahanati. Mama anayefanya hivyo anaokoa maisha yaleyale aliyotaka kuyaokoa.

Juu ya pengo linalobaki sitasema mengi. Meno ya jirani huanza kuegemea pengo hilo, na lile la taya la pili linaloelekeana nalo huteremka au kupanda kulitafuta lililoondoka, kwa miaka. Jino la bandia huweza kupimwa fizi zikishatulia, aghalabu baada ya miezi kama 3. Anayeweza kulipia alitafute, hasa kwa magego, kwa ajili ya kutafuna.

Namalizia na mambo ya kukukimbiza hospitali, hata usiku wa manane. Damu inayoendelea kutiririka baada ya kuuma gozi kwa dakika 30 mara mbili mfululizo. Homa na uvimbe unaokua baada ya siku ya tatu. Maji unayokunywa kutokea puani baada ya kung'olewa gego la juu. Maana yake ni kwamba pamefunguka njia kwenda kwenye uwazi ulio juu ya taya, nawe usipenge kamasi mpaka umeonwa. Ganzi ya mdomo isiyoondoka mpaka kesho yake. Na kubwa kuliko yote, uvimbe mgumu chini ya kidevu unaoshuka shingoni, ulimi unaoinuka, mate yasiyomezeka, sauti iliyobadilika, mdomo usiofunguka. Hali hiyo ilielezwa na daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig mwaka 1836 na inabeba jina lake mpaka leo. Aghalabu huanzia kwenye jino bovu, iwe limeng'olewa au halijang'olewa, na inaua kwa kuziba njia ya hewa. Haingoji kupambazuke, wala haingoji kliniki ya meno ifunguliwe. Nenda wodi ya dharura ya hospitali iliyo karibu, umekaa wima wala hujalazwa, na anayekusindikiza aanze na maneno haya pale mapokezi: huyu ana uvimbe wa jino, na sasa anashindwa kumeza na kupumua.